Taa Imevaa Kilemba

Ilianza msimu wa salfa.
Wapulizaji walipita mashambani alfajiri, mashine mgongoni,
unga ukatanda juu ya mikorosho,
ukaingia Newala mjini bila kubisha hodi,
ukakaa kwenye kope zetu.
Kila mtu alikuwa na macho mekundu.
Kwa hiyo nilipoiona taa ya ghala imevaa kilemba,
bluu ndani, nyekundu nje,
nilisema: salfa hiyo, itaoshwa.
Nikanawa kwa maji ya kununua, kwa uchungu, kiganja kwa kiganja.
Taa haikuvua kilemba.

Ukaja ukungu wa Julai,
ule unaopanda kutoka bonde la Ruvuma
hadi usijue mbuzi wako na wa jirani.
Nikasema: ukungu huo. Hata mwezi huwekewa zizi,
sembuse balbu ya chama cha ushirika.
Agosti ukungu ukaondoka.
Kilemba kikabaki.

Nikalaumu miwani. Ni ya marehemu Chilumba,
ina mikwaruzo kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga.
Nikaivua. Kilemba kikabaki.
Nikalaumu umri: dada yangu Esha alipopata mtoto wa jicho
alisema taa zinamtawanyikia kama yai kikaangoni.
Yangu haikutawanyika. Ilikuwa pete safi,
kama imechorwa kwa bikari.
Nikaacha kulaumu. Nikaanza kuipenda.

Naomba mnielewe. Mlinzi wa kike, saa nane usiku,
rungu, tochi, redio isiyo na betri,
nyuma yangu korosho za watu,
na taa moja inanivalia kilemba.
Nani mwingine aliwahi kunivalia kilemba?

Kuna usiku, Oktoba, pete ilikuja na kichwa.
Upande wa kushoto tu, kamba imekazwa toka nyusi hadi kisogoni.
Nilitapika nyuma ya mizani.
Kulipokucha kikapoa, nami nikanyamaza:
mlinzi asiyeona, kibarua chake kimeota nyasi.

Ni Siwema, mjukuu, aliyeniletea uji
kungali giza. Nikamwambia: tazama kilivyo kizuri.
"Kipi, bibi?"
Kilemba cha taa.
Akatazama. Akanitazama.
"Bibi, ile ni taa tu."

Ndanda, daktari wa macho alikuwa binti mdogo
mwenye maswali ya ajabu. Pete huja usiku au mchana?
Ina rangi? Huja na kichwa?
Ziba hili. Ziba lile.
Akanigusa jicho kwa kitu kidogo, akasoma namba,
akasoma tena.
Presha, akasema. Nikasema sina, nilipimwa juzi mkononi.
"Ya jicho, mama. Maji ya ndani yamekosa njia ya kutoka,
yanasukuma, kioo cha mbele kinavimba,
na kioo kilichovimba huupasua mwanga rangi rangi."
Kumbe ukungu ulikuwepo kweli.
Ulikuwa ndani yangu, wala haukuwa wa Julai.

Walinitobolea njia kwa mwali. Kitobo hata sindano haipiti.
Kilichokufa pembeni, alisema, hakirudi;
kona ya kushoto imebaki nyeusi kama jiko la jana.

Nimerudi ghalani. Nageuza shingo nzima sasa, kama bundi.
Taa iko kichwa wazi. Ina wadudu, ina kutu kwenye kifuniko,
vitu ambavyo sikuwahi kuviona.
Kilemba cha ukoka, husema watu, huvikwa anayesifiwa uongo.
Mimi nilivikwa na jicho langu mwenyewe
nikatembea nacho miezi mitano.

Siwema ameleta uji. Tunahesabu magunia ya safu ya mbele:
mimi arobaini na mbili, yeye arobaini na tatu.
Tunarudia. Safari hii ananishika bega,
ananigeuza, tuanzie kushoto.